Kura za jirani: maana yake, na pale zinapogeuka kuwa kura za wizi

Chukua ramani ya mchujo wa ugavana wa Alabama, mwaka 1946, utazame kura za James Folsom zilipokuwa nzito hasa. Pamoja na mengine utaona ngome mbili zilizoachana sana: kaunti ya Cullman, upande wa kaskazini, na kaunti ya Coffee, kusini-mashariki, si mbali na mpaka wa Florida. Mtu asiyemjua Folsom angekuna kichwa kutafuta kinachoziunganisha. Jibu ni fupi: alizaliwa Coffee, akahamia Cullman akiuza bima. Alikuwa na kwao kuwili, na kote kuwili walimwona ni mtu wao.

Hizo ndizo kura za jirani. Mwanazuoni wa siasa V. O. Key, katika utafiti wake wa mwaka 1949 kuhusu majimbo ya Kusini mwa Marekani, aliziita kura za marafiki na majirani. Mgombea hukusanya kura nyingi mno katika kaunti anakotoka, nyingi kiasi katika kaunti zinazopakana nayo, kisha zinafifia kadiri unavyokwenda mbali, mithili ya mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani. (Msomaji wa Kenya asichanganye: kaunti ya Marekani haina gavana. Gavana ni wa jimbo zima, na Alabama peke yake ina kaunti 67.)

Kwa nini Kusini hasa? Kwa sababu wakati ule chama kilikuwa kimoja tu kwa vitendo. Aliyeshinda mchujo wa Democratic alikuwa ameshashinda uchaguzi wenyewe. Wagombea wote walibeba jina lilelile la chama, na mara nyingi hawakutofautiana kwa sera. Mpigakura akibaki na orodha ya majina matano, la kushika ni lipi? Anamshika yule aliyewahi kumwona sokoni, au ambaye shangazi yake alisoma naye. Key hakuliona hilo kuwa jambo la kupendeza. Kwake lilikuwa dalili ya siasa dhaifu, zisizo na hoja wala vyama vya kuzibeba hoja hizo. Nami nakubaliana naye, tena naongeza kwamba ramani zile zinaonyesha ujirani wa baadhi ya watu tu. Wamarekani Weusi walio wengi walikuwa wamefungiwa nje kwa kodi ya kupigia kura, mitihani ya kusoma na vitisho. Jirani zake Folsom walikuwa wengi kuliko waliohesabiwa.

Sasa vuka mpaka uingie Georgia, mwaka uleule. Eugene Talmadge, mtu wa kaunti ya Telfair, alichaguliwa gavana Novemba 1946, akafariki Desemba kabla ya kuapishwa. Wafuasi wake walikuwa wamehofia afya yake, hivyo baadhi yao waliandika kwa mkono jina la mwanawe, Herman, kwenye karatasi za kura. Bunge la jimbo lilidai lina haki ya kumchagua gavana kutoka kwa wawili waliofuata kwa wingi wa kura. Zilipohesabiwa, Herman alikuwa wa tatu. Ndipo zikaonekana kura zaidi kutoka Telfair, kaunti ya nyumbani, 58, zikamfikisha mbele, na bunge likamchagua.

Kwa mtazamo wa haraka, hizi nazo ni kura za jirani: kijana wa nyumbani, kaunti ya nyumbani. Lakini mwandishi wa gazeti la Atlanta Journal, George Goodwin, alikwenda kuangalia orodha ya waliopiga kura. Alikuta majina yamefuatana kwa mpangilio wa alfabeti, kana kwamba wanakijiji walijipanga foleni kwa herufi. Baadhi yao walikuwa wameshakufa, na wengine hawakupiga kura kabisa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka 1948.

Hapo ndipo penye tofauti, na ndiyo maana dhana hii inafaa kujulikana. Ukubwa wa kura peke yake hauthibitishi wizi. Cullman haikuiba chochote kwa kumpenda Folsom. Upendo wa jirani huvuja mipaka: kaunti ya pili huupata kidogo, ya tatu kidogo zaidi. Kura za kupikwa hazivuji. Hubaki pale alipo mpishi, mara nyingi katika kituo kimoja, na hujitokeza kwa kuchelewa, idadi yake ikiwa ileile inayohitajika. Ramani inaweza kukuonyesha mahali pa kuanza kuuliza, lakini jibu la Telfair lilipatikana kwenye daftari, jina baada ya jina.

Herman alikuwa ameshakaa ofisini wiki kadhaa wakati habari ile inachapishwa. Machi 1947 Mahakama ya Juu ya Georgia ikaamua kwamba bunge halikuwa na mamlaka ya kumweka, naye akaondoka.