Mtiririko wa gesi hafifu ni nini?

Mtiririko wa gesi hafifu ni mwendo wa gesi ambayo molekuli zake zimeachana kiasi kwamba umbali ambao molekuli moja husafiri kabla ya kugonga nyingine hauwezi kupuuzwa ukilinganishwa na ukubwa wa chombo kinachopita ndani yake. Kwenye usawa wa bahari umbali huo ni wastani wa nanomita 70 hivi. Katika kimo cha kilomita 100 hufikia takriban sentimita 10, na katika kilomita 200 huzidi mita 100.

Kwa hiyo uhafifu si sifa ya gesi peke yake. Umbali huo ukigawanywa kwa urefu wa chombo hupatikana namba ya Knudsen, iliyopewa jina la mwanafizikia wa Denmark, Martin Knudsen. Ikiwa chini ya 0.01, hewa huhesabiwa kama kitu kimoja kisichokatika. Ikizidi 10, molekuli hugonga chombo na kwenda zake karibu bila kukutana na wenzake. Kati ya hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu migongano ni michache mno kwa kanuni za kawaida za mtiririko, lakini bado ni mingi mno kuachwa nje ya hesabu.

Uwiano huo, ambao kwangu ndio kiini cha somo zima, humwezesha mtafiti kukishusha kimo cha kilomita 100 hadi maabara. Chombo cha mita 1 kikiwa huko kina namba ya 0.1, kielelezo chake kidogo cha sentimita 1 hupata namba iyo hiyo ndani ya handaki la upepo, yaani bomba la majaribio linalopitisha gesi kwa kasi, ambamo pampu zimepunguza gesi hadi umbali wa migongano ukafika milimita 1. Kasi na joto la uso navyo vinapaswa kuwiana.

Kupima ndiko kunakohitaji subira, kwani nguvu inayosukuma kielelezo ni ndogo mno, na kipimo chochote kinachoingizwa huuvuruga mtiririko wenyewe. Ndiyo maana hupitishwa mwali mwembamba wa elektroni: naitrojeni inayoguswa nao hung'aa, na ukali wa mng'ao huonyesha msongamano wa gesi mahali hapo. Vipimo vya nguvu ndani ya mahandaki hayo navyo vimeonyesha, kwa mfano, kwamba kigezo cha ukinzani, yaani namba inayoeleza jinsi gesi inavyokizuia kitu, cha tufe linalokwenda kasi sana hupanda kutoka karibu 0.9 katika hewa nzito hadi zaidi ya 2 molekuli zinapoacha kugongana.