Mauaji ya Lumumba: dhana ninazozisahihisha kila muhula

Wiki iliyopita mzazi mmoja alinisimamisha langoni mwa shule. Mwanawe alikuwa na kazi ya nyumbani kuhusu Kongo na waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, na baba mtu alitaka wamalize mapema. "Mwalimu, si CIA ndio waliomuua Lumumba? Mwambie aandike hivyo, basi." Nimefundisha historia miaka 17 hapa Dar es Salaam. Sentensi hiyo nimeisikia darasani, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa pale Mnazi Mmoja, jirani kabisa na mtaa wenye jina la Lumumba. Nimechoka kuijibu nikiwa nimesimama. Leo naijibu nikiwa nimekaa.

Wanaosema hivyo hawakuiokota hewani. Agosti 1960 Rais Eisenhower wa Marekani na washauri wake walijadili namna ya kumwondoa Lumumba. Mwezi uliofuata mkemia wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani), Sidney Gottlieb, alitua Léopoldville (Kinshasa ya leo) na sumu mkobani, akamkabidhi mkuu wa kituo chao, Larry Devlin. Sumu ile ilitengenezwa ili iweze kutiwa hata kwenye dawa ya meno. Yote haya yaliwekwa wazi na kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1975. Lakini sumu haikumfikia Lumumba. Devlin aliitupa Mto Kongo. Marekani walitaka afe, waliwapa fedha maadui zake, na Devlin alipopata habari kwamba mfungwa atahamishwa, hakuinua hata kidole kuzuia. Hiyo ni dhambi yao, na ni kubwa. Risasi zilipigwa na wengine.

Wanafunzi wangu huwa nawachoresha jedwali la safu mbili, na ninamshauri kila anayenisoma afanye vivyo hivyo kabla ya kufungua mdomo. Kushoto andika tarehe. Kulia andika siku hiyo Lumumba alikuwa mikononi mwa nani.

Kuanzia Oktoba 1960 yuko nyumbani kwake Léopoldville, amezingirwa mara mbili: ndani askari wa Umoja wa Mataifa wanamlinda, nje askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi aliyetwaa madaraka mwezi Septemba, wanamsubiri atoke. Novemba 27, usiku wa mvua kubwa, anatoroka kuelekea Stanleyville (Kisangani ya leo) kwa wafuasi wake. Desemba 1 askari wa Mobutu wanamkamata karibu na Mto Sankuru. Anarudishwa Léopoldville mikono imefungwa nyuma, na mbele ya kamera askari anamsukumia karatasi mdomoni. Filamu hiyo ipo. Mwangalie usoni: hapepesi macho. Kisha kambi ya jeshi ya Thysville. Januari 13 askari wa kambi hiyo wanagoma, na wakubwa wa Léopoldville wanaingiwa na hofu kwamba ataachiwa. Januari 16 waziri wa Ubelgiji wa masuala ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, anapeleka simu ya maandishi kuhimiza Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lililojitenga, ampokee Lumumba huko bila kuchelewa. Ni waziri yuleyule aliyeandika mwezi Oktoba kuhusu "kumwondoa moja kwa moja".

Januari 17 anapakiwa kwenye ndege pamoja na Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa spika wa Seneti. Majina hayo mawili naomba yakaririwe, maana karibu kila insha ninayosahihisha inamuua Lumumba peke yake. Njiani walipigwa vibaya hata marubani wakajifungia chumbani mwao. Saa kumi na dakika hamsini jioni ndege ilitua uwanja wa Luano, Élisabethville (Lubumbashi ya leo), na askari wa Sweden wa Umoja wa Mataifa waliwaona wakishushwa wamefungwa kamba na vitambaa machoni. Wakapelekwa kwenye nyumba iliyoitwa Villa Brouwez, ikilindwa na maofisa wa Kibelgiji, na mawaziri wa Katanga walikwenda huko kuwapiga kwa mikono yao wenyewe. Usiku wakachukuliwa hadi porini. Tshombe alikuwepo. Waziri wake wa mambo ya ndani, Godefroid Munongo, alikuwepo. Kikosi cha wapiga risasi kilikuwa chini ya kapteni wa Kibelgiji, Julien Gat, na kamishna wa polisi Frans Verscheure alikuwa pale pale. Wafungwa walisimamishwa kwenye mti mmoja mmoja: kwanza Okito, kisha Mpolo, Lumumba wa mwisho. Saa nne ya usiku haijafika, kazi imekwisha.

Sasa itazame ile safu ya kulia. Umoja wa Mataifa, Mobutu, tena Mobutu, Tshombe, Wabelgiji. Ukijaza "CIA" kwenye mistari yote umewafutia hatia watu wenye majina, vyeo na saini. Nadhani ndiyo maana jibu la CIA linapendwa: haliumi. Kusema kwamba Rais Kasa-Vubu, Mobutu, waziri wa mambo ya nje Bomboko na mkuu wa usalama Nendaka, Wakongo waliokaa naye meza moja, ndio waliomtia kwenye ndege ile, kunauma. Mwanafunzi anayekwepa maumivu hayo bado hajaanza kusoma historia ya nchi hiyo.

Yaliyobaki ni mepesi zaidi.

Lumumba hakumwambia Mfalme Baudouin wa Ubelgiji "sisi si nyani wenu tena". Hotuba yake ya siku ya uhuru, Juni 30, 1960, imehifadhiwa, neno kwa neno, na maneno hayo hayamo. Inanisikitisha kwa sababu aliyoyasema kweli ni makali kuliko hayo. Aliuliza nani atasahau kwamba Mweusi aliitwa kwa "wewe" ya Kifaransa ya kumwitia mtoto au rafiki, si kwa urafiki, ila kwa sababu ile ya heshima waliwekewa Wazungu peke yao. Mtu aliyewahi kuwa karani wa posta Stanleyville alijua neno hilo linavyotua sikioni kila asubuhi.

Hakuwa mkomunisti. Nchi ilipata uhuru Juni 30, jeshi likaasi Julai 5, wanajeshi wa Ubelgiji wakaingia bila ruhusa yake, na Julai 11 Katanga ikajitenga. Aliomba msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwezi huohuo akaenda mwenyewe Washington kuomba, wala Eisenhower hakukutana naye. Ndege na malori ya Warusi yalikuja baada ya hapo.

Hakuuawa na wanakijiji. Huo ni uongo wa Munongo wa Februari 13, 1961, na bado nakutana nao kwenye madokezo yanayouzwa mitaani. Kwamba kaburi lake "halikuonekana" nalo si fumbo: polisi Mbelgiji Gerard Soete na mwenzake waliifukua miili, wakaikata, wakaiyeyusha kwa tindikali. Soete alikiri mwenyewe, baadaye sana, na akaonyesha meno aliyoyahifadhi. Jino moja lilirudishwa kwa familia Brussels Juni 20, 2022 na kuzikwa Kinshasa siku kumi baadaye, Juni 30. Ubelgiji ilikuwa imeomba radhi mwaka 2002, baada ya uchunguzi wa bunge lake ulioishia kwenye maneno "wajibu wa kimaadili". Mimi wanafunzi wangu nawaambia waandike maneno hayo ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu ni ya wabunge, na jedwali linaonyesha zaidi ya maadili.

La mwisho ni gumu kwangu, kwa kuwa nampenda mtu huyu. Si kweli kwamba Wakongo wote wanamkumbuka kwa namna moja. Agosti 1960 alipeleka jeshi kuizima Kasai Kusini iliyojitenga chini ya Kalonji. Askari walipoingia Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi, waliua raia wa Kiluba kwa wingi, na katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Hammarskjöld, alisema mauaji yale yana sura ya kuangamiza kabila. Lumumba hakuagiza raia wauawe, ila jeshi lilikuwa lake na amri ya kwenda ilikuwa yake. Mobutu mwaka 1966 alimtangaza Lumumba shujaa wa taifa, mtu yuleyule aliyekuwa amemkabidhi kwa wauaji, na tangazo hilo halikufuta kumbukumbu za Bakwanga. Mpango wa kwanza wa Januari 1961 ulikuwa kumpeleka Bakwanga hiyohiyo. Na makomishna wawili wa serikali ya Mobutu waliowekwa kuwasindikiza wafungwa ndani ya ndege ile, Jonas Mukamba na Ferdinand Kazadi, wote walikuwa Waluba wa Kasai.