Dume wa joto: maji yanavyoamua jeni gani zisomwe kwa kifaranga wa sato

Mwaka juzi mfugaji mmoja wa huku kanda ya ziwa alinipigia simu saa moja asubuhi, hata salamu hajamaliza, "Mtaalamu, madume niliowachagua kwa mkono wangu mwenyewe wananizalia majike matupu, bwawa limejaa vifaranga, samaki hawakui." Namjua ni mtu makini, na madume wake nilishawaona, wakubwa, wamechangamka rangi, hakuna ambaye angewatilia shaka. Nikaenda kwake. Nikamwomba anionyeshe walipolelewa hao madume wakiwa wadogo, akanipeleka kwenye tenki jeusi la plastiki ndani ya banda la nailoni, nikatumbukiza kipimajoto saa nane mchana kikasoma nyuzi 36. Nikajua hapo hapo kwamba madume wake wengi walizaliwa wakiwa majike, na waligeuka wakiwa na ukubwa wa punje ya mchele.

Najua inasikika kama hadithi kwahiyo ngoja nieleze taratibu, maana hii kitu nimeifanyia kazi miaka mingi na bado naona watu wa hatcheri, vituo vya kuangulia vifaranga, wengi wanapima joto la maji ili samaki wasife tu, basi, wakati joto lina kazi nyingine kubwa zaidi ndani ya yule kifaranga.

Chukua unga wa mahindi. Unga ule ule, sufuria ile ile, unaweza kutoka na uji au ukatoka na ugali, inategemea umepima maji vipi na moto umeuwekaje. Hakuna mtu aliyebadilisha unga. Jeni, yale maandishi ya urithi ndani ya seli, ni hivyo hivyo, kila seli ya sato ina kromosomu 44, zile nyuzi zinazobeba jeni, yaani jozi 22, na maandishi yaliyomo jike na dume wanakaribia kufanana kabisa. Kwa sato wengi waliochunguzwa dume ana kromosomu X na Y, na kwenye Y kuna nakala ya jeni moja inaitwa amh ambayo ndo inaanzisha safari ya udume, jike yeye ni XX. Lakini kuwa na jeni ni jambo moja na jeni kusomwa, yaani kufanya kazi, ni jambo lingine, na kwenye siku za mwanzo za uhai wake samaki anasoma jeni zake huku akisikiliza maji.

Yai la sato likirutubishwa mama analibeba mdomoni. Sisi hatcheri tunamkamata tunamfungua mdomo taratibu tunayatoa mayai, yana rangi ya njano kama ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, tunayaweka kwenye chupa zenye maji yanayozunguka muda wote. Kwenye maji ya nyuzi 28 hivi siku ya 4 yanaanguliwa, anatoka kifaranga mwenye kifuko cha kiini tumboni, na kufika siku ya 9 au ya 10 kifuko kinakaribia kuisha anaanza kuogelea juu kutafuta chakula. Hicho kipindi ndo mlango. Tezi zake za uzazi bado hazijaamua kitu, ni seli chache tu zimekaa zinasubiri maelekezo.

Kwa kifaranga wa XX, maelekezo yanatakiwa yatoke kwa jeni mbili, foxl2 na cyp19a1a. Foxl2 ni kama msimamizi, anaiamsha cyp19a1a, nayo cyp19a1a inatengeneza kimeng'enya kinaitwa aromatesi ambacho kinachukua homoni za kiume na kuzigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike. Estrojeni ikiwepo ya kutosha tezi inakuwa ovari. Upande wa pili kuna dmrt1, hiyo ni ya kiume, na inaikandamiza cyp19a1a moja kwa moja. Yani ni mvutano, upande mmoja ukilegea kidogo tu mwingine unachukua kamba yote.

Sasa pandisha maji mpaka nyuzi 36 kuanzia siku ya 10 hivi, yashikilie hapo siku 10 au zaidi. Foxl2 na cyp19a1a zinanyamaza, dmrt1 inapanda, estrojeni inakosekana, na yule XX ambaye kila seli yake imeandikwa jike anaota korodani. Anakua dume kamili, ana mbegu zinazorutubisha mayai, anapigania kiota kama madume wengine. Watafiti wa Kifaransa akina Jean-François Baroiller wamelionyesha hili tangu miaka ya 1990 na limerudiwa sehemu nyingi. Na ndo maana wanaotumia homoni ya kugeuza vifaranga wawe madume, ile methiltestosteroni ya miligramu 60 kwa kilo ya chakula, wanaanza kulisha kipindi hiki hiki na kwenda siku 21 mpaka 28. Homoni na joto vinaingilia mlango mmoja.

Ukitaka kuona kwa macho yako, subiri kifaranga afike sentimita nne au tano. Unampasua, unasogeza utumbo, juu kabisa chini ya mfuko wa hewa utaona nyuzi mbili nyembamba kama uzi wa kushonea. Unavuta kipande kwa kibano, unakiweka kwenye kioo, tone moja la rangi nyekundu ya asetokamini, unafunika na kioo kingine na kukandamiza kwa kidole gumba, alafu hadubini. Jike utaona viduara vimejipanga, kila kimoja na kiini chake katikati, hutakosea hata kama ni siku yako ya kwanza. Dume utaona chengachenga tu, kama vumbi la unga lililolowa. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwa vifaranga wa maji ya moto nilirudia vioo mara tatu, kioo baada ya kioo chengachenga tu, na nilikuwa najua kwa uhakika mama yao ni XX na baba yao ni XX aliyegeuzwa kuwa dume, kwahiyo kihesabu hapakutakiwa kuwe na dume hata mmoja.

Huu mfano wangu wa ugali una mahali unapokwama, niseme ukweli. Ugali ukishaiva huwezi kuurudisha kuwa uji, lakini sato jike mkubwa kabisa ukimzuia aromatesi kwa dawa kwa miezi kadhaa ovari yake inaweza kugeuka korodani inayofanya kazi. Maana yake ni kwamba kuwa jike kwa huyu samaki ni kazi ya kila siku, jeni inatakiwa iendelee kusomwa maisha yake yote. Joto la maji peke yake halifikii huko kwa mkubwa, ila kwa mdogo maji ya moto yanatosha.

Swali ninaloulizwa sana ni joto linaijuaje jeni, maana maji hayana mkono wa kubonyeza swichi. Njia zipo zaidi ya moja. Moja ni alama za kemikali zinaitwa methili, zinabandikwa juu ya DNA kwenye eneo la mwanzo wa jeni, pale ambapo usomaji unaanzia, ni kama umebandika solotepu juu ya mstari kwenye daftari, maneno yapo chini yake lakini hayasomeki. Mwaka 2011 kule Barcelona watafiti akina Laia Navarro-Martín na Francesc Piferrer walionyesha kwa samaki wa bahari ya Mediterania, Dicentrarchus labrax, kwamba dume ana methili nyingi zaidi kuliko jike kwenye jeni ya aromatesi, na ukimlea mdogo kwenye maji ya joto methili zinaongezeka na jeni inafungwa. Wafugaji wa kule walikuwa wanahangaika miaka, wanapasha maji ili samaki wakue haraka, wanaishia na madume wengi mno, na kwa aina hiyo jike ndo anakuwa mkubwa. Walikuwa wanajifungia mlango wenyewe.

Njia nyingine ni kotisoli, homoni ya msongo. Kuna samaki wa Argentina anaitwa pejerrey, ukimlea kwenye nyuzi 17 wanatoka majike, 29 madume, na kwenye hayo maji ya 29 kotisoli ya vifaranga iko juu na inasukuma homoni za kiume.

Na msidhani ni jambo la matenki tu. Mwaka 1981 watafiti David Conover na Boyd Kynard walionyesha kwa Menidia menidia, kasamaki kadogo ka pwani ya Atlantiki ya Marekani, kwamba wanaoanza maisha mapema kwenye maji baridi wengi wanakuwa majike, wanapata msimu mrefu wa kukua, na mama mkubwa ana mayai mengi. Kwa sato wa porini, Baroiller na wenzake wakapima wale wa Ziwa Volta Ghana, Ziwa Koka Ethiopia na wale wa chemchemi za moto za Metahara, kote wakakuta familia zinazogeuzwa na joto. Ila watu wa pwani wasije wakachanganya na kasa, kwa kasa mchanga wa moto unatoa majike, kwa sato maji ya moto yanatoa madume, kila mnyama na mkataba wake.

Basi wengine wanasema, kama joto linageuza, tuache homoni tupashe maji. Natamani ingekuwa rahisi hivyo, kwa kweli natamani. Tatizo ni familia. Unaweza kuchukua mama wawili kutoka bwawa moja, vifaranga wao uwaweke kwenye nyuzi 36 ile ile, wa mmoja wakatoka karibu wote madume, wa mwingine hata hawajashtuka. Usikivu wa joto wenyewe unarithiwa. Alafu 36 inaua baadhi na wengine wanapinda mgongo. Kwahiyo kabla hujapasha maji unatakiwa uijue familia, na hiyo ni kazi ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi.

Turudi kwa yule mfugaji maana mambo yote yalikutana kwake. Joto lilibadilisha usomaji, maandishi halikuyagusa. Dume wa joto bado ni XX, hana Y ya kumpa mtoto, ukimpandisha na jike wa kawaida ambaye naye ni XX watoto wote wanakuwa XX, na wakilelewa kwenye maji ya kawaida karibu wote ni majike. Yeye alichukua madume bora wa kundi lililokulia kwenye tenki la moto akawafanya wazazi, na vifaranga wao akawalea bwawani kwenye nyuzi 26, 27. Majike wakajaa, madume wachache waliokuwepo wakawapandisha, bwawa likajaa vifaranga wadogo wanaogombania chakula.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha, kwahiyo tulifanya ile ya kizamani. Kila dume tukamweka kwenye kizimba chake cha neti na majike watatu, mayai yakaanguliwa, vifaranga wakalelewa kivulini maji hayazidi 28, wakifika saizi tunapasua tunapaka rangi tunaangalia. Ilichukua karibu miezi mitano na alinipigia simu kila wiki kuuliza bado tu. Kati ya madume 6, 4 walitoa majike matupu. Wale 2 waliobaki ndo wazazi wake mpaka leo, na lile tenki jeusi amelihamishia chini ya mwembe.