Kubadili Nywila Kila Mara Hakulindi Duka
Wafanyabiashara wengi wadogo wamezoeshwa kuamini kwamba akaunti za duka hubaki salama iwapo nywila inabadilishwa kila baada ya siku 90. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri watu wasilazimishwe kufanya hivyo pasipo dalili ya kuvuja, kwani anayelazimishwa hugeuza tarakimu moja tu, Duka2024 ikawa Duka2025, na mwizi aliyeipata ya kwanza huikisia ya pili kwa urahisi. Mfanyakazi aliyeijua akiondoka, hapo ibadilishwe siku hiyohiyo. Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni nywila ndefu isiyotumika kwingine, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili (baada ya nywila unaombwa kitu cha pili, kama msimbo wa kwenye simu), hasa kwenye baruapepe, ambako hutumwa viungo vya kuweka upya nywila za akaunti nyingine.