"Mugonjwa wa moyo akae paka kwa kiti": nimechoka kuisikia

Miye niko kinezi (munganga wa mazoezi ya mwili) hapa Bukavu, na kila wiki familia inaniletea ile neno: "Papa asifanye kitu, moyo yake itasimama." Basi papa anakatazwa kushuka barabarani, anakatazwa kubeba ata bido ya litiri mbili, batoto njo banajibu telefone yake, mwisho anabakia kwa fotei sawa mugeni ndani ya nyumba ile alijenga yeye mwenyewe.

Si kweli! Zamani ata kule Ulaya na Marekani balikuwa banalaza mutu wa krizi ya moyo wiki nyingi kitandani, mpaka munganga wa Boston, Samuel Levine, alianza kubakalisha kwa kiti mapema na akaiandika 1952. Leo mazoezi yenye kufuatiliwa ni sehemu ya matibabu pamoja na dawa, inapunguza kufa kwa magonjwa ya moyo na inapunguza kurudi ospitali. Nyama za mapaja zikikosa kazi zinalegea mbio, kisha mutu anahema akivaa tu viatu, na familia inasema "munaona, ni moyo!", banamukataza tena. Mara nyingi miguu njo imeisha.

Na kujiamini inaisha pamoja na ile miguu. Kuna mama moja anauzisha vitenge Kadutu, nilimuomba asimame, mbele ya kusimama akaangalia binti yake kwanza, sawa anaomba ruhusa. Tulianza na dakika tano za kolidori, tukaongeza pole pole, na siku alipanda ngazi huku ananitajia bei za vitenge bila kukata maneno, njo kesho yake akadai ufunguo wa dipo yake kwa batoto.

Bukavu ni milima, najua, basi muanze kwa tambarare. Kipimo ni mudomo: ukiweza kuongea lakini kuimba inashinda, iko sawa; maneno ikikatika, punguza. Kuesabu mapigo inadanganya kama unameza dawa ya moyo bisoprolol, juu inazuia moyo kupanda mbio. Lakini kifua ikiuma, kizunguzungu, miguu ikivimba, ao kilo ikipanda mbili kwa siku tatu, simama, uone munganga. Na mutu wa valvu (mulango wa ndani ya moyo) yenye kubana sana asianze bila ruhusa ya munganga.

Kuna na maneno ingine nasikia. "Moyo ikipiga mbio ni krizi inakuja." Ukipanda mulima lazima ipige, ukipumzika inashuka. Ile ya kuogopesha ni mbio yenye kukuja ukiwa umekaa na haishuke, ao unataka kuzimia.

"Tansio imeshuka, dawa naacha." Imeshuka juu ya dawa! Usiache mwenyewe.

"Mambo ya chumba imeisha." Kama unapanda ngazi ya etaji mbili bila maumivu wala kukosa pumzi, kwa wengi haina shida. Ila kumeza vidonge vya nguvu za kiume pamoja na nitrati (dawa ya maumivu ya kifua) ni hatari, tansio inaanguka vibaya, na bapapa banaficha, munganga anajua tu kisha mutu kuanguka. Museme!

"Analia juu amekosa imani." Kisha krizi ya moyo, karibu mutu moja kwa batano anapata depresio. Ni ugonjwa, iko na matibabu. Mumusalie, ni muzuri, lakini mumupeleke pia kwa munganga, na kwa konsiltasio mumuache ajibu yeye.