Je, Wajua? Kwa Nini Karanga za Kongwa Ziliishinda Uingereza?

Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro, njia ya Kongwa inachepuka pale Mbande. Kwenye nyanda hizi za vichaka, mibuyu na ng'ombe, mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mojawapo ya miradi mikubwa ya kilimo kuwahi kujaribiwa Afrika. Mwezi Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyoandikwa kwenye hesabu za serikali hiyo ilikuwa pauni milioni 36.5. Wengi kanda ya kati wamesikia kwamba karanga za Mwingereza zilishindwa. Zilishindwaje? Jibu linaanzia kwenye haraka ya nchi iliyotoka vitani, na linaishia sentimita chache chini ya mmea wenyewe.

Vita Kuu ya Pili iliiacha Uingereza na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Watu waliendelea kununua siagi na mafuta ya kupikia kwa mgawo hata baada ya mizinga kunyamaza. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akapeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine huku Afrika Mashariki. Ikatumwa tume iliyoongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Tume ilizunguka kwa takribani wiki tisa, sehemu kubwa ikiwa angani kwa ndege, kisha ikaandika mpango: mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24. John Strachey, Waziri wa Chakula, akaubeba mpango huo.

Shamba la majaribio halikuwepo. Hakuna aliyelima kwanza hata ekari mia moja kwa trekta pale Kongwa akaona zinafikaje mavuno. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache, ilhali wenyeji walikuwa na kumbukumbu zao. Wagogo huzipa njaa majina, na ile ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, wazee wa wakati huo walikuwa wameiishi: majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakata. Jamii inayohesabu miaka kwa njaa haikosi la kusema kuhusu mvua. Kwa nini Wagogo walishikilia uwele, mtama na mifugo? Hilo peke yake lilikuwa taarifa ya kitaalamu, na ilipatikana bure.

Mitambo nayo ilitoka vitani. Matingatinga mengi ya kwanza yalikuwa mitumba ya jeshi, mengine yamenunuliwa huko Ufilipino yakiwa yameshachoka. Yalishushwa bandari ya Dar es Salaam iliyokuwa imesongamana, yakapanda reli ya kati yenye njia moja. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Vipuri viko mbali, mafundi ni wachache, na waendeshaji wengi walikuwa wanajifunza palepale kazini. Baadaye kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Kusafisha pori kulikwenda kwa hatua: kuangusha vichaka, kuvikusanya kwa mistari na kuvichoma, kukata mizizi ardhini, ndipo jembe liingie. Kuangusha kulipatiwa dawa. Mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matingatinga mawili yakaenda sambamba, na kila kilichokuwa katikati kikalala. Kizuizi kilikuwa hatua ya mizizi. Vichaka vya Kongwa vina mizizi migumu inayotambaa na kusukana chini kwa chini, na vyuma vya kuikata vilipinda au kuvunjika. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana ni kama 7,500.

Sasa tufike kwenye udongo, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Karanga huchanua juu lakini huzaa chini. Takriban mwezi mmoja baada ya kupanda, maua ya njano hutokea. Ua likishachavushwa hutoa kikonyo chembamba, chenye ncha kama sindano, ambacho huinama na kuchoma udongo mpaka sentimita tatu hadi saba. Ganda la karanga hutungwa huko gizani. Kikonyo kikikuta uso wa ardhi umeganda, hukauka kikiwa nje, na ua hilo halizai kitu. Ndiyo maana karanga hutaka kichanga au tifutifu.

Udongo mwingi wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na chembe za mawe ya kwatzi. Mvua ikinyesha huteleza; jua likiwaka siku chache hukaza kama saruji. Chembe za kwatzi zilisaga makali ya majembe kama tupa. Wakati wa mavuno hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu karanga huvunwa mvua ikishakatika, yaani ardhi ikiwa imekaza kuliko wakati wowote. Ukivuta shina, vikonyo vinakatika na karanga zinabaki chini. Mkulima mwenye robo ekari anaweza kungoja manyunyu au kuchimbua kwa jembe la mkono. Mashine kwenye maelfu ya ekari haina subira hiyo.

Kuna kipimo ambacho mtu yeyote wa Kongwa, Mpwapwa au Bahi anaweza kufanya leo. Chukua udongo wa kina cha kiganja, uloweshe, uufinyange donge la ukubwa wa limau, ulianike juani siku mbili. Likivunjika kwa vidole viwili, karanga zina nafasi. Likihitaji kugongwa kwa jiwe, hapo si mahali pake.

Mvua ndiyo ilimalizia. Dodoma hupata msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, wastani usiozidi sana milimita 550, na katikati yake mara nyingi kuna wiki kadhaa za jua tupu. Wiki hizo zikiangukia wakati wa vikonyo, msimu umekwenda. Mwaka 1949 ukame ulipiga. Mradi ulikuwa umenunua tani 4,000 za karanga za mbegu. Zilizovunwa zilikuwa kama tani 2,000.

Majaribio ya ekari kumi kwa misimu mitatu au minne yangeonyesha yote haya. Msimu mmoja hautoshi, kwa sababu mwaka mzuri wa Dodoma hudanganya. Lakini Uingereza ilitaka mafuta mezani upesi, na mashine zilikwisha kununuliwa. Shinikizo la namna hii ndilo linalozikuta hadi leo nchi nyingi zinazoinuka kutoka vitani: fedha ya mfadhili lazima itumike kabla mwaka wa fedha haujafungwa, vifaa vinafika kabla ya fundi, na taarifa inahesabu ekari zilizolimwa badala ya magunia yaliyoingia ghalani. Anayesimamia mradi wa aina hiyo aulize mapema vipuri vitatoka wapi mwaka wa tatu, na nani atavilipia.

Mashamba mengine ya mpango huo yalikuwa Urambo na Nachingwea, na kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara, ambayo ipo na inafanya kazi. Kongwa, ardhi iliyosafishwa ikaota majani mazuri ya malisho. Ikaingizwa ng'ombe, na mpaka sasa Ranchi ya Kongwa inafuga.