Mazingira ya eneokazi si Linux, wala si picha ya nyuma

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi, steshenari moja karibu na geti la chuo hapa Dodoma. Kijana wa mbele yangu akamfungulia fundi laptop yake yenye Fedora, mmojawapo wa mifumo iliyojengwa juu ya Linux: "Kaka, hawa Linux wametoa kitufe cha kuminimaizi." Fundi akajibu kwa kujiamini kwamba hayo ni mambo ya mazingira ya eneokazi, kisha akamwonyesha jinsi ya kubadilisha picha ya nyuma. Nikalipia kopi zangu nikaondoka, ila roho haijatulia.

Kwa kifupi, mazingira ya eneokazi ni mkusanyiko wa programu unazokutana nazo ukishaingiza nywila: paneli, menyu, madirisha, ikoni, mipangilio. Linux ni kiini kilicho chini yake, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, kinachosemezana na diski, kumbukumbu na kibodi. Kiini hakijui kitufe wala dirisha.

Nadhani jina lenyewe linachanganya. Kiingereza kilianza na meza. Miaka ya 1970 watafiti wa Xerox kule California walitaka kioo cha kompyuta kifanane na meza ya ofisi, ndiyo maana mpaka leo tuna folda, faili na pipa la taka. Kiswahili kikaiacha meza, kikasema eneokazi. Sina ugomvi. Kisha likaja "mazingira", na Dodoma ukitamka mazingira watu wanawaza kupanda miti. Lakini rudi kwenye mzizi: kuzinga ni kuzunguka, kuzingira ni kukizunguka kitu pande zote. Neno limekaa pake kabisa. Ni vyote vinavyokuzunguka unapofanya kazi, na picha ya nyuma humo ni kama kalenda iliyotundikwa ukutani: ukiibadilisha, ofisi ni ileile.

Tena mazingira haya ni mengi na kila moja lina wenyewe. KDE ilianza Ujerumani mwaka 1996. GNOME ikafuata 1997, ikaanzishwa na Wamexico wawili, kwa sababu KDE ilijengwa juu ya Qt, maktaba ya kuundia madirisha na vitufe, ambayo leseni yake wakati ule haikuwa huru. Aprili 2011 GNOME 3 ikatoka bila kile kitufe, na hasira za watumiaji zikachangia kuzaliwa kwa mazingira mengine, MATE na Cinnamon. Februari 2024 Plasma 6, yaani eneokazi lenyewe la KDE, ikaanza kufungua faili kwa kubofya mara mbili badala ya moja; nikasikia tena, "Linux imebadilika." Xfce ni nyepesi na inafaa laptop chakavu, ila Wayland, njia mpya ya kuonyesha madirisha kwenye kioo, kwake bado iko kwenye majaribio. Huo nao ni upungufu wa Xfce. Linux haihusiki.

Basi, mdogo wangu wa foleni, waliokitoa kitufe chako ni GNOME. Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, nao wanatumia GNOME, ila wao hukirudisha, kwa hiyo rafiki mwenye Ubuntu akikuambia kwake kipo, hakudanganyi. Na hakijafutwa, kimezimwa tu: weka programu ya Tweaks, nenda sehemu ya madirisha, ukiwashe. Ukiona bado hupatani na GNOME, sakinisha Plasma pembeni yake. Wakati wa kuingia bofya jina lako, kisha kile kigurudumu chenye meno chini kulia, uchague. Fedora yako itabaki palepale.